Tulipohamia Moba, Kando ya Ziwa

Wengi wenu mmekwisha hama, na wengine mtahama. Huyu anafuata kazi, yule anakimbia vita, mwingine anafuata mume au mke. Leo twapenda kuwaeleza namna tulivyohama Kongolo kwenda Moba, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na kosa tulilolifanya huko. Hatulielezi ili mtusikitikie. Twalieleza kwa sababu kila mwaka tunaona wageni wengine, wenye watoto wadogo kama wetu, wakilifanya tena.

Mwaka ulikuwa 2018. Tulikuwa watu watano: baba, mama, na watoto watatu. Wa kwanza alikuwa na miaka saba, wa pili miaka minne, na wa mwisho alikuwa angali ananyonya. Tuliombwa kwenda kufundisha Moba, nasi tulikubali upesi. Nyumbani shamba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu wengi, na mshahara wa katekista mnaujua. Huko ziwani, tuliambiwa, hata maskini anakula samaki.

Tena tuliona kwamba hatuendi mikono mitupu. Tulikuwa tumesoma seminari ndogo, tukaanza hata filozofia, kabla ya kutambua kwamba wito wetu ni ndoa. Kilatini kidogo tulikuwa nacho, na Kifaransa, na hesabu. Basi tulidhani mtu aliyesoma hivyo hawezi kupotea katika mji mdogo wa wavuvi. Kumbe kuna maandiko mengine ambayo seminari haikutufundisha kuyasoma.

Safari ilikuwa ndefu. Kituoni Kabalo tulingoja gari la moshi siku nyingi, tukilala juu ya mizigo yetu, mama watoto akipika kwa makala pembeni ya reli. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1915, na mwaka ule wa safari yetu gari lilikwenda polepole kama mzee anayepanda mlima. Tulipofika Kalemie, watoto waliona ziwa kwa mara ya kwanza. Yule wa pili aliuliza: «Baba, ng'ambo iko wapi?» Tulimwambia ng'ambo ni Tanzania, lakini leo ukungu umeificha. Hakusadiki. Kwake yeye, maji yasiyo na ng'ambo hayakuwa maji ya kweli.

Kutoka Kalemie tulipanda mashua ya mota usiku, kwa sababu mchana upepo wa kusini ulikuwa mkali. Ulikuwa mwezi wa saba, na katika kiangazi upepo ule huinua mawimbi makubwa. Tuliwafunga watoto kwa kitenge kifuani petu na kusali kimya. Alfajiri tuliiona pwani ya Mpala, ambapo Wabelgiji walijenga ngome yao mwaka 1883, na baadaye milima ya Moba ikatokea mbele yetu, myeusi juu ya maji meupe.

Moba ina sehemu mbili. Chini, kando ya maji, ndiko bandari na soko na nyumba za wavuvi. Juu, milimani, ndiko Kirungu, mahali pa misioni ya zamani, ambako mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika watu wa Kongo siku hizi zetu. Juu kuna baridi na hewa nzuri. Chini kuna joto na samaki. Sisi tulipangisha vyumba viwili chini, karibu na kazi yetu na karibu na soko.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi zilijaa majini hata ungesema kuna mji mwingine huko ziwani. Wavuvi huwasha taa ili kuwavuta ndagala. Ndagala wakija, mikebuka nao huwafuata ili kuwala, na wavu huwachukua wote. Lakini mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, nao wavuvi hulala nyumbani au hushona nyavu. Mama watoto alilifahamu jambo hilo kabla yetu. Alinunua ndagala siku za giza, wakati bei iko chini, akawaanika juu ya mchanga, akawauza siku za mbalamwezi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akituma magunia hata kwa dada zake Kongolo. Alijifunza hayo yote kwa kukaa na wanawake wa pwani, akianika pamoja nao na kuuliza. Sisi tulikuwa tukifundisha, naye alikuwa akifundishwa. Angalieni tofauti hiyo.

Sasa tuje kwenye kosa. Na tukisema «sisi» hapa, twaomba mjue kwamba kosa lilikuwa la baba peke yake.

Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, mtu mmoja alitupatia lupango karibu na ziwa. Hatumtaji jina. Mahali penyewe palikuwa pazuri: tambarare, mchanga mweupe, hatua themanini tu kutoka majini, na bei ndogo kabisa. Juu kwenye mteremko, lupango kama hiyo ilikuwa na bei mara mbili, na ilijaa mawe. Tulikuwa na dola mia sita, akiba ya miaka yetu yote ya ndoa. Tulipima, tukahesabu, tukafurahi.

Mama watoto alikwenda kupatazama. Alisimama kitambo, halafu akauliza: «Baba, mbona wenyeji hawajengi hapa?»

Ni kweli. Palikuwa na vibanda vya matete vya wavuvi, na vichanja vya kuanikia samaki, na bustani za mboga. Nyumba ya matofali ya mzee wa pale haikuwako hata moja. Nyumba za wazee zote zilikuwa juu kidogo, nyuma ya miembe.

Tulijibu: «Wenyeji hawana fedha za matofali.» Jibu hilo latuaibisha hata leo. Akasema: «Basi, tungoje mvua moja ipite. Tuone ziwa linafika wapi.» Nasi tulimwambia kwamba tumekulia kando ya Lualaba, kwamba maji tunayajua. Mto hupanda wakati wa mvua na hushuka wakati wa kiangazi, na alama yake ya mwaka jana ndiyo alama ya mwaka huu, kidogo juu au kidogo chini. Tulimwonyesha alama ya maji kwenye mawe: hatua hamsini zilikuwa zimebaki. Alinyamaza. Mama wa watoto akinyamaza hivyo, si kwamba amekubali. Lakini wakati ule hata maandiko hayo hatukujua kuyasoma.

Mwaka 2019 tulifyatua matofali, tukayachoma, tukajenga vyumba vitatu na choo nyuma. Mabati tulikopa. Siku ya kuingia tuliwaalika majirani, tukala bukari na mikebuka, tukaimba. Mzee mmoja jirani, mvuvi wa zamani, alikula vizuri, akashukuru, akaitazama nyumba, halafu akalitazama ziwa. Hakusema neno. Hatukumwuliza.

Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa nyingi katika nchi zote zinazozunguka ziwa. Mwezi wa nne wa 2020 maji yalifika hatua ishirini kutoka mlangoni. Tulingoja kiangazi. Kiangazi kilifika, ziwa likashuka kidogo tu, likasimama. Mvua iliyofuata ikaanza si kutoka chini, bali kutoka pale liliposimama. Hapo ndipo tulipoanza kuogopa. Mwezi wa tatu wa 2021 asubuhi moja tuliona bata wakiogelea penye bustani yetu. Usiku tulisikia mawimbi chini ya dirisha, na ukuta ulitoa harufu ya udongo mbichi.

Siku zile tulikuwa tukiwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza ule mfano wa mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa katikati yao. Akanyosha mkono, akauliza mbele ya wote: «Baba, si ndiyo nyumba yetu?» Watoto walicheka. Sisi hatukucheka. Tulifunga kitabu tukawaruhusu waende.

Lakini hasara ya nyumba si kitu mbele ya jambo lililofuata. Maji yaliingia chooni kwetu, na katika vyoo vingine vya pwani, nayo yakarudi ziwani. Na watu wengi wa pwani, pamoja na sisi, tulikuwa tukiteka maji pale pale, kwa sababu ni karibu, na kwa sababu yalionekana safi. Maji ya Tanganyika ni meupe sana. Ukiyatia katika bilauri huoni kitu. Ndiyo hila yake.

Yule mdogo, aliyekuja Moba akinyonya, alianza kuhara usiku wa Jumamosi. Kabla ya alfajiri alikuwa akihara maji matupu kama ya mchele, na kutapika. Macho yaliingia ndani, vidole vikakunjamana kama vya mzee. Ilikuwa kipindupindu, ugonjwa usiokwisha katika miji ya kando ya ziwa letu. Tulipoteza saa nzima tukitafuta pikipiki na fedha. Mama mmoja jirani, mwanika ndagala, ndiye aliyetuokoa. Alimwambia mama watoto: «Usingoje pikipiki ukimtazama tu, mnyweshe!» Akachemsha maji, akapima litre moja, akatia vijiko vidogo sita vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi. Akamnywesha mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, anangoja kidogo, anaanza tena. Hivyo ndivyo mtoto alivyofika kwa waganga angali hai, wakamtia maji katika mshipa. Siku ya tatu aliomba bukari. Kando ya kitanda chake alikuwako mtoto mwingine wa pwani, wa umri wake. Yule hakuomba chakula tena. Tulikwenda na wazazi wake kuzika.

Tangu siku ile neno «karibu na maji» halitupendezi tena.

Tulipotoka huko tulikwenda kwa yule mzee jirani. Tulikaa chini, tukamwuliza lile ambalo ilitupasa kumwuliza miaka mitatu nyuma. Alituambia hivi: «Mwalimu, pale ulipojenga, mimi nilivua samaki. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Ni mwaka ule wa maasi, 1964. Waasi waliingia Albertville, sisi tulikimbilia milimani, na tuliporudi, maji yalikuwa yamefika kwenye miembe. Yalichukua miaka mingi kushuka. Tangu hapo hakuna mzee wa hapa anayejenga chini ya miembe. Pale ziwa limetukopesha tu. Nalo hukopesha muda mrefu mpaka watu wasahau.»

Tukamwuliza: «Baba, kwa nini hukutuambia siku ya karamu?»

Akajibu bila hasira: «Nyumba ilikuwa imekwisha ezekwa. Na wewe ni mwalimu. Nani angemfundisha mwalimu ndani ya nyumba yake?»

Baadaye tulitafuta katika vitabu, tukaona mzee alisema kweli. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Lukuga, pale Kalemie. Mlango huo ni mwembamba, na mara nyingi mchanga na majani huuziba. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa njia ya jua, yakipanda hewani kama mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa halina pa kumwaga. Hupanda mwaka kwa mwaka. Katika karne ya 19 Lukuga ulizibwa kabisa, ziwa likapanda juu sana. Mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi kile, nalo likashuka mita nyingi katika miaka iliyofuata. Tambarare nyingi tunazoziona leo pwani zilikuwa chini ya maji zamani hizo. Basi mto una kumbukumbu ya mwaka mmoja, lakini ziwa lina kumbukumbu ya maisha ya mtu mzima. Alama ya mwaka jana haikutoshi. Yakupasa kumtafuta mwenye mvi.

Tulikumbuka pia habari za katekista mmoja wa ng'ambo, Adrien Atiman wa Karema, aliyefariki mwaka 1956. Alizaliwa mbali, katika nchi iitwayo leo Mali, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga kisiwani Malta. Alifika ziwani kama mgeni kabisa, mwenye elimu kupita wote waliomzunguka. Hata hivyo hakudharau dawa za wenyeji. Aliwauliza, akajifunza kwao, akawatibu watu wa Karema zaidi ya miaka sitini. Tulijilinganisha naye tukaona haya. Tulikuwa na Kilatini kidogo tu, na kiburi kilichozidi Kilatini chetu.

Mwezi wa tano wa 2021 tulibomoa nyumba kabla ukuta haujaanguka wenyewe. Mabati tuliyaokoa, na milango, na nusu ya matofali. Fedha za lupango hazikurudi. Yule aliyetuuzia alisema ziwa si lake. Tulihamia mteremkoni, nyuma ya miembe, mahali pa mawe ambapo zamani tulipakataa. Fedha za lupango ya pili hazikutoka kwa mwalimu. Zilitoka katika magunia ya ndagala ya mama watoto. Alizihesabu mbele yetu juu ya mkeka, akatupatia, wala hakusema: «Nilikuambia.» Tungependa angesema. Kunyamaza kwake kulituuma zaidi, na kulitufaa zaidi.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, hata kukaribia alama ya 1964. Uvira, Baraka, Kalemie, Bujumbura, kote watu walilia. Nyumba, njia na masoko viliingia majini. Kwetu Moba tulishuka siku moja kuona lupango yetu ya kwanza. Ukuta mmoja tulioacha ulikuwa umesimama majini hadi kifuani, na kijana mvuvi alikuwa amefunga mtumbwi wake kwenye shimo la dirisha. Lilikuwa dirisha la chumba cha watoto. Yule mdogo, ambaye sasa anasoma shule, alitaka kuogelea aingie kwa dirisha. Mama yake alimshika mkono, akamshika sana, hata mtoto akasema unaniumiza.

Wasomaji wapenzi, ikiwa mnahamia kando ya ziwa na watoto wenu, twawaombeni mambo machache, nasi tumeyalipia.

Msinunue lupango katika kiangazi. Pangisheni kwanza, mvua moja ipite, na mbili ikiwezekana. Tazameni mahali nyumba za wazee zilipo, na mahali zisipo, na mwulize sababu. Msimwulize mwenye kuuza. Mwulizeni asiye na faida. Ulizeni kabla ya kuezeka, maana nyumba ikiisha ezekwa, mtu mwenye adabu hatasema tena.

Maji ya kunywa, hata yakionekana meupe namna gani, yachemsheni au myatie klori. Choo kiwe juu, mbali na maji. Na kila mama na kila baba ajue kipimo kile: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mfundisheni na mtoto mkubwa, maana ugonjwa hauchagui siku ambayo wazazi wapo nyumbani.

La mwisho ni kwa akina baba, na hasa kwetu sisi tuliosoma. Watu husema mgeni ana macho makubwa lakini haoni. Katika nyumba yetu alikuwako mtu aliyeona. Aliona siku ya kwanza, akauliza kwa maneno matano tu, nasi tulimjibu kwa hotuba. Siku hizi, kabla ya kuamua jambo, tunaketi jioni nje ya mlango, watoto wakiwa wamelala, taa za wavuvi zikiwaka huko chini. Tunamwuliza mama watoto anaonaje. Mara nyingine hujibu upesi. Mara nyingine hunyamaza, nasi sasa tunajua maana ya kunyamaza kwake. Tunangoja.